Mama anafunguliwa kifua mwezi ujao, waliopitia naomba mnieleze

Binti wa Muheza:

Habari zenu wanajamvi. Shikamooni wakubwa.

Mama yangu ana miaka 51. Karibu mwaka mzima amekuwa akipanda kile kilima cha kutoka sokoni hadi nyumbani anapumzika mara tatu, mara nne, ukimuuliza anasema ni uzee. Usiku anaegemea ukuta na kusinzia ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Tukahangaika na dawa za kikohozi, tukahangaika na dawa za pumu. Mwishowe hospitali ya Teule hapa Muheza wakatuandikia Bombo, hospitali ya mkoa Tanga, Bombo wakatuandikia Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ile iliyo ndani ya eneo la Muhimbili. Kule wakampima kwa ile picha ya mawimbi, wakatuambia valvu ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, ya upande wa kushoto imebana na imekakamaa. Eti ilianza kuharibika tangu utotoni, kwa homa ya koo ambayo haikutibiwa ikaisha. Kuitanua kwa puto haifai tena, lazima abadilishiwe. Tumepangiwa wiki ya pili ya mwezi ujao.

Mama amekubali kwa mdomo. Moyoni hajakubali, namjua. Anauza vitumbua, saa tisa usiku yuko jikoni tangu mimi sijazaliwa. Anachowaza ni nani atashika chuma cha vitumbua. Halafu majirani wamemjaza maneno. Mmoja kasema moyo unatolewa unawekwa kwenye beseni. Mwingine kasema hizo valvu zinatoka kwa nguruwe. Mama ni mtu wa swala tano, hilo la pili limemkosesha usingizi kuliko la kwanza.

Daktari alitueleza vizuri tu. Ila ukiwa mbele ya daktari unaitikia ndiyo, ndiyo, ukishatoka mlangoni ndipo maswali yanaanza kukujia. Nyumbani tuna choo cha shimo cha kuchuchumaa, maji tunachota bombani kwa jirani, kitanda cha mama ni kirefu cha mninga. Mimi ndiye mkubwa, nauza duka la vitambaa Tanga mjini, nina wadogo wawili bado wanasoma. Nijiandae na nini? Kabla, wodini, na akirudi. Mlioyapitia semeni hata yale ya aibu.

Mchumia Juani:

Pole dada. Mimi nakushauri achaneni na visu. Chukua kitunguu saumu, tangawizi, mdalasini, twanga, changanya na asali, kijiko asubuhi na jioni siku arobaini. Shangazi yangu alikuwa hawezi kupanda hata ngazi, leo analima.

Mzee wa Kitonga:

Mchumia Juani, shangazi yako namtakia afya njema, lakini valvu iliyokakamaa kama kifuu hailainiki kwa tangawizi. Mtoto wa watu ana tarehe mkononi, usimpotezee.

Binti, marahaba. Mimi nina miaka 59. Niliendesha lori miaka ishirini na mbili, Dar kwenda Tunduma, safari nyingine hadi Lubumbashi. Jina hili nimejipa kwa kuwa pale mlima Kitonga ndipo moyo uliponisemesha kwa mara ya kwanza. Gari lilichemsha, nikashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi, jiwe la kawaida tu, nikakaa chini kama mtu aliyepigwa rungu. Utingo wangu akadhani nimelewa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshameza dawa za kifua kikuu miezi sita kwa maelekezo ya kituo kimoja cha afya, na kifua kikuu sikuwa nacho. Kwa hiyo kikohozi na pumu ya mama yako sishangai.

Nilifunguliwa mwaka 2018, hapohapo mnapokwenda. Valvu ileile ya kushoto.

Nianze na linalomnyima mama usingizi. Valvu ziko za namna mbili. Kuna ya kiwandani, ya kaboni ngumu, humo hamna mnyama. Kuna nyingine inatokana na tishu ya mnyama, na hizo ziko za ng'ombe na ziko za nguruwe. Mama amwambie daktari wazi kabisa, mapema, kabla hata ya kusaini karatasi: mimi Mwislamu, nataka kujua mnaniwekea ipi. Hataonekana mjinga, wanaulizwa kila siku. Ya kaboni inadumu sana lakini utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hadi siku ya kuingia kaburini. Ya mnyama mara nyingi haikufungi na wafarini maisha yote, ila inachoka, miaka kumi, kumi na tano, na kufunguliwa mara ya pili si mchezo. Mimi walinishauri kaboni kwa umri niliokuwa nao.

Na beseni halipo. Moyo unabaki kifuani kwa mwenyewe. Wanausimamisha, damu inazungushwa na mashine ambayo wakati huo ndiyo moyo na ndiyo mapafu, wakishashona valvu wanauamsha. Huwezi kufungua valvu za injini huku inaunguruma, sivyo? Nilipoelezwa hivyo nilitulia.

Sasa maandalizi. Meno, kesho asubuhi. Usisubiri mpigiwe simu. Wadudu wa jino bovu wanaingia kwenye damu na wanapenda sana kwenda kujenga kwenye valvu mpya. Mimi nilifika na jino limetoboka, tarehe yangu ikasogezwa wiki tatu, nikang'olewa mawili, nikasubiri fizi zipone. Wiki tatu hizo nililala nimeketi.

Wachangia damu nao uwatafute sasa. Kwenye simu kila mtu anasema ndiyo. Mimi niliahidiwa na madereva saba, wakafika watatu, na mmoja kati ya hao akarudishwa, presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Upande wa fedha, kama bima haifiki kote, pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nendeni kabla ya siku ya kulazwa, si baada. Na dawa zote anazomeza, pamoja na hizo za kwenye chupa zisizo na jina, beba mfuko mzima umwoneshe daktari. Ziko za kuachwa siku kadhaa kabla, yeye ndiye wa kusema ipi na lini.

Kingine afanye mazoezi ya kukohoa. Unacheka? Akirudi kutoka chumba cha upasuaji atalazimishwa kukohoa, maana makohozi yakituama anapata nimonia. Na kukohoa na mfupa wa kidari umepasuliwa katikati na kufungwa kwa waya ni habari nyingine. Unakumbatia mto, unaubana kifuani kwa mikono miwili, ndipo unakohoa. Afundishwe akiwa bado mzima. Mto wangu ninao hadi leo, umekuwa mweusi, mke wangu anataka kuutupa, nimekataa. Utapewa pia kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu, unavuta pumzi vimpira vinapanda. Siku ya kwanza sikuweza hata kimoja. Nilitukana.

Wodini, hasa ICU, wewe ndiye wa kuandaliwa kuliko mama. Yeye atakuwa usingizini. Wewe utaingia umkute na mpira mdomoni, mashine inampumulia, mipira mingine imetoka chini ya kifua inamwaga maji mekundu kwenye chupa, mpira wa mkojo, nyaya, uso umevimba, mikono pengine imefungwa kwa kitambaa ili asichomoe vitu. Hatasema maana mpira umepita kwenye koo. Mke wangu aliponiona alitoka nje akamwambia kaka yangu, andaeni safari ya mazishi. Kumbe mimi nilikuwa naendelea vizuri tu, kesho yake mpira ulitolewa nikaomba chai. Wakaninyima. Kiu ya pale sijawahi kuiona hata nilipokwama siku mbili njiani Kongo. Unapewa maji kwa vijiko, unahesabiwa.

Usiku wa pili nilichanganyikiwa. Niliamini niko mizani, yule sista ndiye ofisa, na gari langu limezidi uzito. Nikamwambia, "Mama, tuyamalize hapahapa." Akaitikia, sawa baba, lala kwanza. Inatokea kwa wengi, dawa za usingizi, kukosa usiku na mchana, na mwili uliopigwa. Ikimtokea mama msianze kutafuta nani kamroga. Mimi ilikwisha siku ya nne. Siku ya kutoa ile mipira ya kifuani itauma, haina haja ya kumdanganya. Vuta pumzi, ishikilie, imekwisha.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo sikuambiwa ya kutosha, au niliambiwa nikaitikia ndiyo ndiyo kama wewe. Kwa wiki sita hadi nane mama hana mikono. Anayo, atashika kijiko, atashika tasbihi, ila ya kazi hana. Mfupa wa kidari unaunga kama mguu uliovunjika, tofauti ni kwamba huwezi kuuwekea plasta, unapumua nao. Hanyanyui kitu kinachozidi kilo tatu. Ndoo ndogo ya lita tano tayari imezidi. Hasukumi mlango mzito, havuti droo iliyokwama, hajikokoti kwa kushika ukingo wa kitanda. Kuamka anageuka ubavu, anashusha miguu, mto kifuani, anainuka kwa nguvu za mapaja. Kitanda kirefu ni afadhali kuliko godoro la chini, ila mwekee kitu imara cha kukanyagia.

Choo. Umesema tuseme hata ya aibu. Kuchuchumaa na kuinuka bila kujivuta na mikono, kwa mtu aliyetoka hospitali jana, hawezi. Nunua kiti cha plastiki kile cha baa, mpe fundi akikate tundu katikati, akilainishe kingo kwa moto, kiwekwe juu ya shimo. Mimi nilikifikiria baada ya kuwa nimeshakwama chooni, mtoto wangu wa kiume akaja kunitoa. Sikumtazama usoni siku mbili. Na mpe papai, maji kwa kiasi alichoruhusiwa, asije akajikamua, kule kujikamua kunatikisa kifua kizima.

Msirudi Muheza siku anayoruhusiwa. Tafuteni ndugu au chumba Dar wiki kadhaa. Mwanzoni anapimwa damu mara kwa mara hadi dozi ya wafarini itulie, na ile njia hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300 za matuta. Siku ya safari mto ukae kati ya kifua na mkanda. Bodaboda asahau.

La mwisho, kama siku ya kumi hivi niliketi kibarazani nikalia. Hakuna aliyenikosea. Mjukuu aliniletea embe, nikalia. Chakula kilikuwa na ladha ya chuma, usingizi vipande vipande. Lilinidumu wiki tatu. Mke wangu alidhani majuto. Mtu aseme naye tu, amtembeze, leo mpaka kwa jirani, kesho mpaka kwa mangi, keshokutwa mbele kidogo.

Lori sikurudi. Tajiri alimpa gari mtu mwingine, sasa nasimamia upakiaji yadini. Nimeshazoea, nusu.

Binti wa Muheza:

Babu, asante sana. (Samahani nimekuita babu.) Nimemsomea mama yote kasoro ya mizani. Hapana, na ya mizani nimemsomea, amecheka mpaka akakohoa. Meno tumekwenda leo, ana moja la kung'oa.

Hiyo wafarini mbona mjomba wangu amesema ni sumu ya panya? Amesoma kwenye simu. Na mchicha kweli anakatazwa? Kwetu bila kisamvu na matembele hakuna mboga.

Mzee wa Kitonga:

Niite hata babu, nina wajukuu wanne. Mjomba hajadanganya, dawa hiyo imetumika kweli kuulia panya, ni kiasi tu. Chumvi nayo ukila debe itakuua. Mimi iliniponza kwa ujinga wangu. Mwaka wa pili mgongo uliniuma, nikaingia duka moja la dawa njiani, kijana akanipa diklofenaki, sikumwambia niko kwenye wafarini na yeye hakuuliza. Siku ya tano naamka mto umelowa damu ya pua. Kupimwa, INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa imepita 8. Nililazwa. Tangu siku hiyo natembea na kadi shingoni kama kondakta. Mengine waachie wataalamu.

Sista wa Usiku:

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka tisa, naomba niongezee, ila anayejua dozi ya mama ni kliniki yake.

Kwa valvu ya kaboni upande wa kushoto pale juu, yaani mitrali, INR huwa tunaitaka kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini sana damu inaganda kwenye valvu, inaweza kuiziba au kipande kikaruka hadi kwenye ubongo, akapooza. Ikiwa juu sana anavuja damu. Kidonge kimezwe saa ileile kila jioni. Akisahau akakumbuka usiku huohuo, ameze. Akikumbuka kesho yake, kimeshapita, asimeze viwili kufidia. Aandike kwenye kalenda ya ukutani.

Mboga za majani hazikatazwi. Zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, na dozi inapangwa kwa kuangalia anavyokula. Kama amezoea kisamvu mara tatu kwa wiki, aendelee mara tatu. Kinacholeta shida ni wiki nzima bila jani, halafu wiki inayofuata asubuhi na jioni, labda ni msimu au hela imekata. Na ule mchanganyiko wa kitunguu saumu na tangawizi wa kaka hapo juu ndio unaoweza kumvujisha. Kwenye pilau havina neno. Kwa vijiko kama dawa, hapana.

Dawa za dukani: asinunue diklofenaki wala aspirini bila kuandikiwa. Akiandikiwa metronidazo au septrini kwa tumbo au mkojo, amwambie aliyeandika, zinapandisha INR sana. Kwa maumivu madogo, parasetamo. Siku akitaka kung'oa jino tena, hata miaka kumi ijayo, amwambie daktari wa meno ana valvu ya bandia, kuna dawa ya kumeza kabla.

Akiwa nyumbani mpimeni uzito kila asubuhi kabla ya chai. Kilo mbili kwa siku mbili si unene, ni maji. Mnarudi haraka bila kungoja tarehe mkiona homa, kidonda kinatoa usaha, mfupa wa kifua unagonga anapojigeuza, kinyesi cheusi kama lami, au mdomo umeenda upande na mkono umelegea. Hilo la mwisho ni dakika, msisubiri kupambazuke.

Swala: wagonjwa wetu Waislamu huswali wameketi, kitandani au kwenye kiti, rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa. Sijida ya chini yenye kuegemea mikono ingoje mfupa uunge.

Na kuna mtoto hapo nyumbani anayeumwa koo mara kwa mara? Naomba unijibu.

Binti wa Muheza:

Yupo. Mdogo wangu wa mwisho, ana miaka kumi. Huwa tunamsukutulia maji ya chumvi.

Sista wa Usiku:

Mpeleke akaangaliwe. Valvu ya mama iliharibika hivyohivyo. Kuna aina ya bakteria wa koo ambao mwili ukiwapiga unakosea, unapiga na valvu na maungio. Akigundulika nao, penisilini anamaliza dozi, hata kama koo limeacha kuuma siku ya pili. Na kama kuna siku magoti yalivimba yakahama, leo goti hili kesho lile, umwambie daktari.

Mzee wa Kitonga:

Magoti. Mimi nilipokuwa darasa la tatu nilibebwa mgongoni kwenda shule wiki mbili. Bibi alisema nimekanyaga uchawi.

Mama Ntilie wa Mbagala:

Wanaume na wauguzi wamesema, na mimi niseme ya wanawake. Mimi nilibadilishiwa nikiwa na miaka 29, sasa 34.

Dada, msuke mama twende kilioni, mistari mitano sita inatosha, kabla hajalazwa. Hataweza kunyanyua mikono kuchana nywele muda mrefu, na nywele zilizofumuka kitandani zinamvunja mtu moyo. Hina na rangi ya kucha zitoke, wanamwekea kibanio cha kupima hewa kwenye kidole na kinasoma kwa mwanga. Madera yote weka kando, hayavaliki bila kuinua mikono. Nunua magauni ya vifungo mbele, matatu, hata ya mtumba. Sidiria ya kufungia mbele, kubwa kuliko yake ya kawaida, laini. Mimi sikuvaa nikidhani naachia kidonda kipumue, kumbe uzito wa matiti unavuta mshono pande mbili, nilikuwa nalia usiku. Mwekee kipande cha kanga safi katikati isisugue.

Jikoni. Kusonga ugali ni marufuku, tena ndiyo kazi mbaya kuliko zote, maana unasukuma na kuvuta kwa wakati mmoja. Kukuna nazi kwenye mbuzi vivyo hivyo. Kukanda unga, kufua kwa kufikicha, kudeki. Mimi wiki ya tano nilijiona nimepona nikasonga ugali wa watu wawili tu. Usiku kifua kikawa kinalia, kakaka, nikarudishwa, bahati waya zilikuwa hazijakatika. Mama yako atafanya hivyohivyo. Mwanamke aliyeamka saa tisa miaka thelathini hawezi kuona chuma cha vitumbua kimewekwa vibaya akanyamaza. Ficha mwiko.

Na mabinti mnaosoma hapa mkiwa na valvu za kaboni: wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa ile miezi ya mwanzo. Msibebe mimba kimyakimya, na msiache dawa kimyakimya. Mkazungumze kliniki kwanza. Mimi bado nachomwa penisilini kila wiki nne pia, kuzuia wale bakteria wa koo wasirudi, paja linanijua.

Binti wa Muheza:

Wanajamvi, mama ametoka salama. Leo ni siku ya tisa, tuko kwa binamu yetu Temeke. Wamemwekea ya kaboni, alimuuliza daktari mwenyewe, mbele ya madaktari wanafunzi sita, akataja na nguruwe kwa jina. ICU alikaa siku mbili. Babu, ulisema kweli, nilipomwona nilishika ukuta, lakini nilikuwa nimeshasoma, nikahesabu mipira mmoja mmoja kama ulivyoitaja nikaona ipo yote, nikatulia. Hakuona mizani. Aliona mbuzi wamepanda juu ya mashine, akawa anamwomba sista awafukuze.

Jana alilia kwa sababu binamu alimletea uji. Nikamwambia ni siku ya kumi imewahi.

Mama Ntilie wa Mbagala:

Alhamdulillahi. Mwiko umeuficha?

Binti wa Muheza:

Samahani kwa kimya. Tumerudi Muheza wiki iliyopita. INR ya mwisho 2.8. Kiti cha plastiki fundi alikikata duara zuri, sasa jirani naye anataka cha bibi yake. Mdogo wangu amepimwa koo, ameanza dozi.

Kilima cha sokoni amekipanda juzi, polepole, bila kusimama. Alipofika juu alisimama makusudi, akageuka kukitazama.

Vitumbua anapika mdogo wangu yule mwingine, mama anakaa kwenye kiti mlangoni anasimamia. Wateja wanasema vimekuwa vidogo. Leo alfajiri nimeamka nikamkuta ameinama, mwiko mkononi, anakoroga unga kwenye sufuria kubwa. Wiki ya saba hii. Nikamnyang'anya. Amenuna, tangu asubuhi hajanisemesha, amehamishia kiti nyuma ya nyumba ili asinione.

Mzee wa Kitonga:

Kuhamisha kiti alikibeba mwenyewe?

Binti wa Muheza:

Alikisukuma kwa miguu.

Mzee wa Kitonga:

Basi mwache anune.